Makosa ya wafua dhahabu wa Philadelphia, na zawadi iliyofika kwa Sultani wa Maskat

Tarehe 12 Novemba 2025, kiwanda cha serikali cha kufua sarafu mjini Philadelphia, Marekani, kilifua senti za mwisho zilizokusudiwa kuingia katika mzunguko wa fedha. Mwezi uliofuata, seti 232 za senti za kuagia, kila seti ikiwa na senti moja iliyofuliwa kwa dhahabu, zilipigwa mnada na kuingiza zaidi ya dola milioni 16. Idadi ya seti haikuja kwa bahati: senti ya Marekani ilidumu kwa miaka 232. Wanunuzi walijua, kabla hata ya nyundo ya mnada kugonga, kwamba wananunua uhaba uliopangwa, ukahesabiwa na kutangazwa na serikali yenyewe.

Mwaka huu wa 2026 taifa hilo linatimiza miaka 250 tangu litangaze uhuru wake, na kumbukumbu hiyo imekuja wakati dhahabu imepanda bei kwa kiwango kisichowahi kuonekana. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Mambo hayo mawili yanatosha kumfanya mtu afungue tena kisanduku alichoachiwa na marehemu babu yake. Na hapo ndipo linapoibuka swali la zamani la wenye sarafu: ipi ni dhahabu ya kuyeyushwa tu, na ipi ambayo kosa moja dogo, nyota iliyosahauliwa au herufi iliyogongwa mahali pasipo pake, limeifanya iwe na thamani ya nyumba nzima?

Jibu haliko katika orodha za minada peke yake. Liko katika karakana ya matofali ya mwisho wa karne ya 18, katika sheria iliyotishia mafundi wake kwa kifo, na, kwa namna ambayo wengi hawaitarajii, katika jahazi la kivita la Marekani lililotia nanga Zanzibar mwaka 1835.

Uzito kwanza, maandishi baadaye

Sheria ya sarafu ya tarehe 2 Aprili 1792 ndiyo iliyoanzisha kiwanda cha Philadelphia, mji uliokuwa makao makuu ya serikali wakati huo. Iliagiza sarafu tatu za dhahabu: Tai ya dola 10, nusu Tai ya dola 5 na robo Tai ya dola 2 na nusu, zote za karati 22. Kifungu chake cha 19 kiliamuru kwamba ofisa wa kiwanda atakayepunguza kwa hila ubora au uzito wa sarafu za dhahabu au za fedha, au atakayeiba madini aliyokabidhiwa, adhabu yake ni kifo. Maofisa waliogusa madini hayo walitakiwa pia kuweka dhamana ya dola 10,000 kila mmoja, fedha ambazo mafundi wale hawakuwa nazo. Bunge lililazimika kuipunguza dhamana hiyo mwaka 1794, na nusu Tai za kwanza, vipande 744, zikakabidhiwa tarehe 31 Julai 1795, zaidi ya miaka mitatu baada ya sheria kupitishwa.

Kifungu hicho kikali hakikusema lolote kuhusu herufi iliyokosewa. Hili ni jambo la kuzingatia, kwa kuwa linaonyesha watunga sheria walihesabu nini kuwa kosa. Uaminifu wa sarafu ulikuwa katika mizani na katika usafi wa madini; yaliyobaki yalikuwa mapambo. Hata thamani yenyewe haikuandikwa juu ya dhahabu hiyo. Nusu Tai ilipata alama ya dola 5 mwaka 1807, robo Tai ikafuata mwaka 1808, nayo Tai kubwa ilingoja hadi 1838. Mfanyabiashara aliyepokea sarafu isiyotaja thamani yake hakushangaa. Aliitia mizanini, akaendelea na biashara yake.

Ni katika mazingira hayo makosa yalipozaliwa, na ni kwa sababu hiyo hiyo hayakufutwa.

Ilivyokuwa, sarafu ilifuliwa kwa kubana kisahani cha dhahabu kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja juu na mwingine chini, katika shinikizo la parafujo lililozungushwa kwa mikono ya watu. Mashine za mvuke zilianza kugonga sarafu mwaka 1836 tu. Sura ya mwanamke anayewakilisha Uhuru ilihamishiwa kwenye muhuri kwa patasi moja kubwa, lakini nyota, herufi na tarakimu zilichongwa moja moja, kwa nyundo, tena kinyumenyume kama kitu kinavyoonekana katika kioo. Mchongaji mkuu, Robert Scot, mzaliwa wa Scotland, aliifanya kazi hiyo tangu 1793 hadi kifo chake mwaka 1823. Aliyewahi kujaribu kuandika jina lake kinyumenyume anaweza kukadiria idadi ya nafasi za kukosea zilizomo katika maandishi ya duara moja la chuma.

Katika mojawapo ya mihuri ya nusu Tai ya mwaka 1795, mkono wa mchongaji ulifika mwisho wa neno STATES ukagonga D badala ya S. Kwa muda jina la nchi mpya likasomeka vingine kabisa. Kosa liligunduliwa, S ikagongwa juu ya D, muhuri ukaendelea kutumika. Mabaki ya D bado yanaonekana katika sarafu zilizosalia, na mnunuzi wa leo hulipa zaidi kwa ajili ya kivuli hicho.

Nyota nazo zilileta matata ya aina yake. Mwanzoni kila nyota ilisimama kwa ajili ya jimbo moja. Kulikuwa na majimbo 15, kisha Tennessee ikajiunga mwaka 1796, nyota zikawa 16, na wachongaji wakatambua kwamba kama nchi ingeendelea kukua hivyo pasingebaki nafasi ya uso wa mwanamke. Wakarudi kwenye nyota 13 za majimbo ya asili. Ndiyo maana nusu Tai za mwaka 1797 zipo zenye nyota 15 na zipo zenye 16, na hakuna kati ya hizo iliyo kosa. Kosa la kweli la nyota lilikuja baadaye sana, katika nusu Tai ya mwaka 1832, pale mchongaji alipogonga nyota 12 akaacha ya 13. Vipande vinavyojulikana vya muhuri huo vinahesabika kwa vidole vya mikono miwili bila kuvimaliza.

Muhuri wa zamani, mwaka mpya

Hata hivyo kosa lililo tele zaidi katika dhahabu ya mwanzo si la herufi wala la nyota. Ni la mwaka.

Chuma kizuri cha kutengenezea mihuri kilikuwa adimu na ghali, nacho kilipasuka mara kwa mara chini ya shinikizo. Muhuri uliomaliza mwaka ukiwa bado mzima haukutupwa. Tarakimu ya mwisho iligongwa upya juu ya ile ya kwanza, na sarafu zikaendelea kutoka zikiwa na miaka miwili iliyobebana. Nusu Tai za mwaka 1802 zinazojulikana zote zina 2 iliyokalia 1, na za mwaka 1803 zote zina 3 iliyokalia 2. Mtu anayepata sarafu ya namna hiyo na kudhani ameokota kituko cha pekee anajidanganya. Katika miaka hiyo kituko ndicho kilichokuwa kawaida.

Wakati mwingine tarakimu haikubadilishwa kabisa. Ipo nusu Tai yenye mwaka 1795 ambayo upande wake wa nyuma una tai mkubwa wa nembo ya taifa, mwenye ngao kifuani, ilhali tai wa mchoro huo alikuwa bado hajaanza kutumika katika dhahabu mwaka huo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba muhuri wa mbele wa 1795, uliokuwa bado na nguvu, ulitolewa sandukuni takriban mwaka 1798 ukaunganishwa na muhuri mpya wa nyuma. Kinyume chake nacho kilitokea: muhuri wa mbele wa 1798 uliunganishwa na tai mdogo wa mtindo uliokwisha kuachwa, na vipande vilivyosalia vya muungano huo havifiki kumi.

Homa ya manjano ilichangia. Mwishoni mwa karne ya 18 ugonjwa huo uliishambulia Philadelphia mara kadhaa wakati wa kiangazi, kiwanda kikafungwa na watu wakakimbilia mashambani. Mafundi waliporejea walianza na mihuri waliyoikuta. Kwa karakana yenye watu wachache, uhaba wa chuma na maradhi mlangoni, mwaka ulioandikwa juu ya sarafu ulikuwa ni mwaka wa muhuri, si wa siku ya kazi. Jambo hilo linafaa kushikwa vizuri, kwa sababu bila ya kulishika mkasa wa zawadi ya Maskat hauwezi kueleweka.

Kabla ya kufika huko, kuna jambo lingine katika tai huyo wa nembo. Katika Muhuri Mkuu wa Marekani, tai hushika tawi la mzeituni kwa ukucha wa kulia na mishale kwa wa kushoto. Kwa kanuni za nembo, kulia ni upande wa heshima, yaani amani imetangulizwa mbele ya vita. Tai wa Scot ameshika mishale kwa kulia. Wako wanaosema alikosea kwa kunakili kinyumenyume. Wako wanaosema ulikuwa ujumbe kwa mataifa ya Ulaya. Ukilinganisha na makosa mengine ya mkono huo huo, dhana ya kukosea ndiyo yenye uzito zaidi. Lakini tai huyo alidumu katika dhahabu na fedha kwa takriban muongo mzima, na hakuna aliyeona haja ya kumsahihisha.

Shaba ilipata uangalizi hafifu zaidi. Senti moja ya mwaka 1801 inajulikana kwa makosa matatu katika upande mmoja: neno UNITED limesomeka IINITED, shada la majani limekosa kikonyo kimoja, na sehemu ya dola iliyopaswa kuwa moja ya mia imeandikwa moja juu ya sifuri tatu. Sarafu iliyojitangaza kuwa sehemu ya kitu kisichokuwapo iliingia sokoni, ikanunua mkate, ikarudi na chenji.

Kwa nini dhahabu ilinusurika na kosa la kugongwa

Mbali na makosa ya muhuri, yapo yale ya kugonga: sarafu iliyogongwa pembeni, iliyogongwa mara mbili, au iliyofuliwa juu ya kisahani kisichokuwa chake. Katika senti za shaba makosa hayo ni mengi. Katika dhahabu ya miaka ya mwanzo ni adimu mno, na sababu yake ni ile ile ya kifungu cha 19. Kila kisahani cha dhahabu kilipimwa peke yake kabla ya kugongwa. Kilichopungua uzito kilirudishwa kuyeyushwa, na kilichozidi kilipigwa tupa mpaka kikalingana. Mwaka 1795 kazi hiyo ya tupa na mizani walipewa wanawake wawili, Sarah Waldrake na Rachael Summers, wanaohesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuajiriwa na serikali ya shirikisho. Mistari ya tupa zao ingalipo juu ya sarafu nyingi za miaka hiyo. Wauzaji wasio na ujuzi huiona kuwa mikwaruzo na kushusha bei, au, vibaya zaidi, huisugua mpaka ing'ae. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa dakika chache, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha.

Uangalizi huo wote wa mizani haukuiokoa dhahabu na hatari iliyokuwa kubwa kuliko zote. Sheria ya 1792 iliweka kipimo cha fedha 15 kwa dhahabu 1, wakati masoko ya Ulaya yalithamini dhahabu zaidi ya hapo. Dhahabu ya Marekani ikawa na thamani kubwa ikiwa imeyeyushwa kuliko ikiwa sarafu, ikasafirishwa kwa mapipa kuvuka Atlantiki na kuishia katika tanuri. Hali hiyo iliendelea hadi 1834, Bunge lilipopunguza uzito wa sarafu za dhahabu. Nusu Tai ya mwaka 1822 ni ushahidi wa balaa hilo: vitabu vya kiwanda vinataja vipande 17,796, leo vinajulikana vitatu. Viwili viko katika Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na cha tatu kiliuzwa Machi 2021 kwa dola milioni 8.4. Sarafu hiyo haina kosa lolote la kuchongwa. Kosa lilikuwa katika hesabu za wanasiasa, na hilo ndilo lililoifanya iwe adimu kuliko nyingi zenye herufi zilizopinda.

Tanuri la pili lilikuja karne iliyofuata. Amri ya Rais Franklin Roosevelt ya tarehe 5 Aprili 1933 iliwataka raia kukabidhi dhahabu yao kwa benki. Miongoni mwa mianya ya amri hiyo ulikuwamo mmoja mdogo wenye matokeo makubwa: sarafu za dhahabu zenye thamani maalumu inayotambulika kwa wakusanyaji wa sarafu adimu na zisizo za kawaida ziliruhusiwa kubaki mikononi mwa wenyewe. Kwa maneno hayo machache, kosa la mchongaji aliyekufa zamani liligeuka kuwa ngao ya kisheria. Tai isiyo na dosari wala uhaba kwa kawaida ilitakiwa ikabidhiwe; yenye mwaka uliobebana ilibaki kabatini. Ilikuwa ni mwisho wa 1974 ndipo Mmarekani wa kawaida aliporuhusiwa tena kumiliki dhahabu bila ya masharti hayo.

Kisanduku cha Sultani

Septemba 1833, mjini Maskat, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitiliana saini na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, mkataba wa urafiki na biashara. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa tayari wakinunua pembe za ndovu na sandarusi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kitambaa chao cha pamba kilikuwa njiani kupata jina linalojulikana hadi leo, merikani. Mkataba uliwapa haki ya kufanya biashara kwa ushuru wa asilimia 5.

Roberts aliporudi nyumbani alitaka zawadi za kupeleka wakati wa kubadilishana hati za mkataba. Novemba 1834, Waziri wa Mambo ya Nje John Forsyth aliuandikia uongozi wa kiwanda cha sarafu kuagiza seti kamili za sarafu za Marekani zinazotumika, za dhahabu, fedha na shaba, moja kwa Mfalme wa Siam, ambayo leo ni Thailand, na nyingine kwa Sultani wa Maskat. Ziliwekwa katika visanduku vya ngozi, kimoja cha manjano na kingine chekundu.

Tatizo lilikuwa katika neno kamili. Sheria ilitaja dola ya fedha na Tai ya dhahabu, lakini sarafu hizo mbili hazikuwa zimefuliwa kwa miaka thelathini. Zilisimamishwa mwaka 1804 kwa sababu zilikuwa zikitoroshewa ng'ambo mara tu zitokapo kiwandani. Maofisa walifungua vitabu vya zamani, wakakuta kwamba mara ya mwisho kufuliwa ilikuwa 1804, dola 19,570 zikiwa zimeandikwa katika hesabu za mwaka huo. Basi wakachonga mihuri mipya na kuandika juu yake 1804.

Wasichokumbuka ni desturi ya karakana yao wenyewe. Dola zilizofuliwa mwaka 1804 zilitoka katika mihuri ya miaka iliyotangulia, kama ilivyokuwa kawaida, na hakuna hata moja iliyobeba tarakimu 1804. Kwa hiyo dola ya fedha iliyopelekwa kwa Sultani ilikuwa na mwaka ambao haukuwahi kuwapo juu ya dola yoyote iliyotumika sokoni. Tai ya dhahabu ilikuwa na mkasa tofauti kidogo, kwa maana Tai zenye mwaka 1804 zilifuliwa kweli mwaka huo. Hata hivyo iliyowekwa kisandukuni haikuwa mojawapo ya hizo. Ilikuwa mpya, iliyofuliwa kwa muhuri mpya, ikijifanya mkongwe wa miaka thelathini.

Jahazi la kivita Peacock liliondoka New York Aprili 1835 likiwa na Roberts na zawadi zake. Mwanzoni mwa Septemba lilitia nanga Zanzibar, na baadaye mwezi huo huo likakwama juu ya mwamba wa matumbawe karibu na kisiwa cha Masirah. Roberts aliingia mashua ndogo kwenda Maskat kuomba msaada, na Sayyid Said aliutoa. Mnamo Oktoba zawadi zilikabidhiwa. Roberts aliendelea hadi Siam, kisha akafariki Macau mwaka 1836 akiwa bado na safari ya kwenda Japani.

Kuiita sarafu hiyo ya kughushi, kama baadhi ya wauzaji walivyowahi kufanya, ni kuzidisha. Aliyeichonga alikuwa serikali, kwa madini halali, bila nia ya kumlaghai yeyote. Wala mpokeaji wake asingeona ajabu. Watu wa pwani walizoea reale ya Maria Theresa, ambayo ilifuliwa mwaka baada ya mwaka ikiwa na tarakimu ile ile ya 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na walikuwa wepesi wa kuikataa iwapo mwaka huo ungebadilishwa. Katika masoko ya Bahari ya Hindi, mwaka juu ya sarafu ulikuwa sehemu ya sura yake.

Kilicho kizito zaidi ni kilichofuata. Mwaka 1840 Sayyid Said alituma jahazi lake Sultana hadi New York, chini ya Ahmad bin Na'aman, likiwa na zawadi kwa Rais wa Marekani, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu na lulu. Katiba ya Marekani ilimzuia rais kuzipokea kwa nafsi yake. Farasi waliuzwa kwa mnada, fedha zikaingia hazina, na lulu zikawekwa katika hifadhi ya taifa. Zawadi za Sultani zilihesabiwa kuwa mali ya umma. Zawadi ya Marekani kwa Sultani haikupata kinga hiyo. Dola inayoaminika kutoka katika kisanduku chekundu iliibuka Uingereza, ikauzwa London mwaka 1917, ikavuka Atlantiki kurudi ilikotoka. Mwaka 1999 ilinunuliwa kwa dola milioni 4.14, na Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68. Tai za dhahabu za aina ya kisanduku hicho zinazojulikana ni chache mno, na mojawapo iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 5.

Hakuna sheria iliyovunjwa katika mauzo hayo, na zawadi ikishatolewa mtoaji hana tena neno. Lakini kwa Oman na kwa Zanzibar, kitu kilichoshuhudia mojawapo ya mikataba ya mwanzo kati ya Marekani na dola ya Bahari ya Hindi kinapita kutoka kabati moja la tajiri hadi jingine, kikitajwa kwa jina la Sultani ili kupandisha bei yake. Wakati serikali nyingi za Afrika na Asia zinadai vitu vilivyoporwa kwa nguvu, bado hakuna hoja iliyojengwa kuhusu vitu vilivyotolewa kwa heshima kisha vikapotelea sokoni. Hoja hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu haina mwizi.

Soko, waghushi na wenye kuyeyusha

Tai ya mwanzo ina zaidi kidogo ya nusu wakia ya dhahabu safi. Kwa bei ya dola 4,000 kwa wakia, madini yake yana thamani ya takriban dola 2,060. Katika soko la wakusanyaji hata iliyochakaa huzidi kiasi hicho mara kadhaa. Anayeipeleka kwa mnunuzi wa vito asiyejua, akalipwa kwa gramu, amepata hasara isiyorekebishika, na nchi imepoteza ushahidi ulionusurika matanuri mawili. Kadiri bei ya dhahabu inavyopanda, ndivyo kishawishi hicho kinavyokua kwa familia zenye shida.

Waghushi nao hawalali. Sarafu bandia zenye makosa ya kuvutia, hasa miaka iliyobebana, hutengenezwa kwa wingi, nyingine kwa dhahabu halisi ili zipite mizanini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka nakala zipigwe chapa ya kuonyesha kwamba ni nakala, lakini sheria hiyo haimfikii fundi aliye ng'ambo anayeuza kwa simu. Tangu miaka ya 1980 kampuni za kukagua na kufungia sarafu katika vifuko vigumu vya plastiki zimepunguza udanganyifu, ingawa vifuko hivyo navyo sasa vinaghushiwa.

Wakaguzi wanaopewa Tai ya mwaka 1804 huanza na jambo moja kabla ya mizani na vipimo vya maabara. Huitazama tarakimu ya mwisho kwa kioo. Katika Tai zilizofuliwa kweli mwaka huo, mstari wa kulala wa ile 4 una kijiti kidogo cha kusimama kwenye ncha yake ya kulia. Katika zile zilizofuliwa kwa ajili ya Siam na Maskat, mchongaji wa 1834 alitumia patasi ya tarakimu za wakati wake, na ile 4 haina kijiti.